Boliti Alizokaza Cosmas

Norbert alikuwa na hasira ya mtu aliyekosa kumzika mama yake. Simu ilitoka kwao Uvira. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado hazijatoka, hakuweza kusafiri. Akakaa msibani Wembley, London, kwa dada yake Sidonie, akipokea pole za watu wasiomjua marehemu.

Aliporudi kazini Deptford, masika ya mwaka 2001, alikuta mihimili ya meli yake imekwisha kukazwa boliti.

Karakana yao ilikuwa ikitengeneza manowari kuukuu ya mbao, ya enzi za tanga. Meli hizo zikizeeka huota kibyongo: omo na tezi, yaani mbele na nyuma, hushuka, katikati hubaki juu, na mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukapinda. Dawa yake ni mihimili ya mshazari, inayokatiza mataruma yote, mbavu za meli, ili tumbo lisicheze. Lakini kwanza meli inyooshwe. Norbert, aliyefundishwa useremala na mapadri na kufagia ofisi za London miaka mingi kabla ya kushika randa tena, aliweka jeki chini ya ncha zote mbili. Kila asubuhi alizipandisha kidogo. Alipofiwa kazi hiyo ilikuwa haijaisha.

“Nani alikutuma weye?” alimuuliza Cosmas, Mtanzania aliyefanya naye kazi.

“Kaka, mfiwa hashiki kazi. Kwetu Songea hata shamba lako tunakulimia. Nikasema nimalize sehemu yako, ukirudi upumzike.”

“Umeifunga na kibyongo chake.”

“Si ilikuwa kwenye jeki?”

“Mgonjwa akilala kitandani ndiyo amepona?”

Cosmas alikuna kidevu. “Basi tuiache. Nani ataona?”

“Itabaki hivi mpaka ioze, na weye unaniuliza nani ataona.”

“Punguza sauti, kaka. Una msiba.”

“Msiba ni wangu. Na kazi ya meli hii pia ni yangu, nani alikupa?”

Cosmas akachukua nyundo, akaanza kugonga boliti. Norbert akamnyang’anya. “Utapasua. Shika huku.”

Walizitoa moja moja, Norbert akiilaani kila moja kwa jina la aliyeikaza. Mhimili mmoja wa mwaloni ulipasuka hata hivyo. Cosmas akasema pole. Norbert akamtupia kofia.

Asubuhi chache baadaye jeki zilifika mwisho. Mbao zikalia, kisha zikanyamaza, na mkuku ukanyooka. Ndipo Norbert alipokaza boliti, mwenyewe.

Wiki nzima hakumwambia Cosmas neno ila “shika” na “achia.”