Kofia za Wageni

Mwanangu, iko siku moja ambayo ikinijia kichwani, chai niliyoishika hupoa mkononi bila kuinywa. Ilikuwa hapa hapa Kamembe, kwenye shantie ya baba yangu. Shantie ndivyo tunavyoita mahali pa ujenzi. Wenzako wa Dar watakucheka ukisema hivyo, waache wacheke. Siku hiyo mimi nilikuwa naosha vyombo vya kazi, tena naosha huku naimba. Subiri, nitakueleza taratibu. Uzee hauna mbio, na hiyo simu yako iweke mfukoni kwanza.

Baba yangu, Fundi Idi, alikuwa mkandarasi kabla vijana hawajaanza kujiita hivyo na kuchapisha kadi. Hakuwa mchoyo. Nisikilize vizuri hapo, maana nikisimulia habari hii watu hudhani baba alikuwa mnyama. Mchana alikula sahani moja na mafundi wake, bugari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo niliyoipika mimi Halima, binti yake wa kwanza. Mtu akifiwa, baba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Na mgeni, ehe, mgeni ndiye alikuwa mboni ya jicho lake. Nyumbani kwetu kulikuwa na vikombe vya maua ndani ya kabati ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuvipumulia. Vya wageni. Shuka nzuri ya wageni, paja la kuku la mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyolelewa, na wewe pia umelelewa hivyo, kataa nikuone.

Basi baba akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, hoteli ya ghorofa inayotazama ziwa. Mwenye mali akamwambia watu wa pale lazima wawe na kofia ngumu za kukinga kichwa. Baba akavuka daraja la mpakani hadi Bukavu, nchi ya jirani, akarudi nazo, za njano, zinang'aa. Hazikutosha watu wote, lakini zilitosha wale waliofanya kazi chini ya jukwaa la kujengea, na hao ndio waliozihitaji. Baba akazigeuzageuza, akaziona nzuri mno. Akaziweka stoo zikiwa bado ndani ya plastiki, akanipa ufunguo.

"Halima, hizi za wageni. Yede akizivaa siku mbili tu zitajaa simenti. Mkubwa akija kutazama kazi, tumvalishe uchafu?"

Nami nikaona sawa kabisa. Kwa nini nisione sawa? Ni mimi niliyekuwa napangusa vumbi vikombe vya maua kila Ijumaa.

Yede ni saidia-fundi, yule anayechanganya zege, anayebeba, anayeinama kutwa nzima. Kati ya mayede wetu alikuwapo Fikiri, kijana wa Bweyeye, kule pembeni ya msitu wa Nyungwe ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa ya miguu tu. Alikuja mjini atafute mabati ya kuezekea nyumba ya mama yake, basi, hakuwa na hadithi nyingine. Kazi yake ilikuwa kurusha matofali. Sisi winchi hatukuwa nayo. Wa chini anarusha, wa katikati anadaka na kumrushia wa juu, na kazi inakwenda kwa wimbo ili mikono isipishane. Fikiri ndiye aliyeanzisha wimbo. Alikuwa na sauti kubwa na utani mwingi. "Halima, ukiolewa nani atatuunguzia maharage?" aliniuliza karibu kila mchana, na mimi nilimkimbiza na mwiko.

Mara moja aliniomba kofia. Alisema hata ile yenye mukwaruzo itamufaa. Nikamwambia za wageni. Hakubisha, alivuta kofia yake ya sufu mpaka masikioni akarudi kazini.

Wageni wakaja. Mwenye mali, na wakubwa wengine na viatu vyao safi. Kapita, yaani msimamizi, akasimamisha kazi yote. Nikatoa kofia nikawagawia kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Wakasimama chini ya jukwaa, wakatazama juu, wakapigwa picha. Juu hapakuwa na mtu hata mmoja, mwanangu, wala tofali lililokuwa likisogea. Wakanywa soda, wakasifu, wakaondoka. Baba alifurahi siku hiyo mpaka nikamwona kijana.

Lakini muda ulikuwa umekwenda, na mvua ilikuwa inasogea kutoka upande wa ziwa. Kapita akaanza kupiga kelele, haraka, haraka, mstari huu wa matofali uishe kabla ya mvua. Mimi nikachukua ndoo na sabuni, nikaosha kofia moja moja kuondoa jasho la wakubwa, nikazipanga juu ya ukuta mfupi zikauke. Nyuma yangu wimbo ulikuwa umeanza tena, mwendo wa kasi kuliko kawaida. Kisha ukakatika.

Tofali lilimponyoka wa juu. Simlaumu, vidole vilikuwa vimekufa ganzi na aliyemhimiza hakumpa nafasi hata ya kupumua. Fikiri alikuwa ameinama kuokota jingine. Nilipogeuka alikuwa amelala kifudifudi, na ile kofia ya sufu ilikuwa inabadilika rangi. Nilipiga ukelele ambao hata leo siujui ulitoka wapi. Baba alimbeba yeye mwenyewe mikononi hadi kwenye pikapu, nguo zake zikalowa. Kapita akasema, "Ajali haina kinga." Mwingine naye akairudia, na mwingine, na wote wakaonekana kupata nafuu kidogo kwa kuisema. Mimi nilikuwa natazama ule ukuta wenye kofia.

Fikiri hakufa. Watu nikiwaambia hivyo hushusha pumzi, lakini mimi sijawahi kushusha. Alitoka hospitali upande mmoja wa mwili umelala, na ulimi hauwezi kumaliza neno. Nilimpelekea maharage kwenye chumba alichopanga, nikayaunguza kidogo kusudi, nikitumaini atanitania. Alikula tu, akatazama ukutani. Nililia njia nzima, na waliokuwa wakinipita wakadhani nimefiwa.

Baba aligharamia matibabu yote, hakukwepa hata siku moja. Ndipo akaja mama yake, Maman Fikiri, mwanamke mkavu, mweusi, mwenye kitenge kilichofifia, aliyetembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Alikuja nyumbani kwetu kabla ya kumchukua mwanawe kumrudisha kijijini. Baba akaniamuru nitoe vikombe vya maua. Nikamimina chai, nikaweka na mandazi. Yule mama alikishika kikombe chake, akakizungusha polepole, akakirudisha mezani bila kunywa.

Baba akakitazama kile kikombe kilichojaa. "Tumuachie Mungu, Maman. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa na kinga, Mzee," akasema yule mama. Hakupandisha sauti. "Balinieleza. Ilikuwa inaanikwa juu ya ukuta."

Baba akainamisha kichwa.

"Sikukuja kugombana. Miye nauliza kitu kimoja tu. Mutoto wangu hapa kwako alikuwa mugeni, ao alikuwa muntu wa nyumba?"

"Alikuwa mtoto wangu kabisa, Maman. Wa nyumba hii."

"Aaa. Wageni balikuja, bakarudi kwabo bazima. Na mutoto wa nyumba?"

Yule mama akasimama, akaaga kwa heshima kama mtu aliyekirimiwa vizuri, akaenda kumchukua mwanawe.

Kesho yake baba alifungua stoo mwenyewe, akagawa kofia zote kwa mayede. Nani wa kuzipokea? Habari ilikuwa imeshatembea, kutoka kituo cha magari hadi kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Asubuhi, mlangoni ambapo zamani watu walikuwa wakijipanga kuomba kiraka, yaani kazi ya siku moja, sasa walisimama wawili watatu, nao waliuliza kwanza shantie ni ya nani. Mafundi wazuri walivuka kwenda kujenga Bukavu. Hoteli iliisha kwa kuburuzwa, na baada yake hakuna aliyempa baba kazi ya maana tena. Alipougua, siku za mwisho, hakuuliza habari za nyumba zake wala za wajukuu. Aliniuliza, "Halima, yule kijana amekula?" Nilimjibu amekula, kila alipouliza nilimjibu amekula. Nilikuwa simdanganyi wala simwambii ukweli, maana Bweyeye nilikuwa sijafika.

Mwanangu, nakueleza haya kwa kuwa nimesikia umeshinda zabuni, nami nawajua ninyi vijana. Mnashusha bei ili mshinde wenzenu, halafu mnatafuta pa kufidia, na pa kwanza mnapopaona ni mgongo wa yede. Nimepita kwenye hizo shantie zenu. Bango la usalama liko mlangoni, limeandikwa vizuri, na buti zinatolewa siku ya ukaguzi na kukusanywa jioni. Kisha mnakaa kwenye chai mnalalamika kwamba watu wa kazi hawapatikani, vijana wamekuwa wavivu, mafundi wote wamevuka. Hawakuwa wavivu waliovuka. Walikutazama jinsi unavyomlinda aliye chini kabisa, wakajua wao wamewekwa wapi.

Sikwambii uache kumheshimu mgeni, Mungu apishe mbali. Lakini kizuri ulichonacho kianzie kwa anayeinama. Kama vifaa havitoshi, kazi ya hatari ingoje mpaka vitoshe, na mwenye mali akikasirika, mwache akasirike. Mvua ikija, inyeshe. Mstari mmoja wa matofali utajengwa kesho. Usimhimize mtu aliyechoka akiwa juu ya kichwa cha mwenzake. Wala usije ukasema ajali haina kinga mpaka uwe umejiuliza, peke yako na Mola wako, kama kweli haikuwa nayo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi ni mzee sasa, na tofali likianguka popote mjini hapa, moyo wangu unasimama kwanza ndipo naendelea kutembea.

Nenda basi, kazi inakungoja. Mungu akupe mkono wa kujenga na jicho la kuona walio chini yako. Na kila jioni, kabla hujafunga lango, akujalie uwahesabu watu wako, na idadi iwe ile ile ya asubuhi.