Nilimwambia Mwadime Abaki

Siku hiyo haikuwa na lolote. Mwadime, mlinzi, alikuwa anamwagilia mitende getini kwa bosi wetu, mtaa wa Malaz, hapa Riyadh. Mimi dereva nimekaa garini, mlango wazi, namsomea mambo ya Japani ya zamani. Shule sikufika mbali. Hayo nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikimngoja madam, mke wa bosi, nje ya maduka.

"Nchi yao milima mitupu," nikamwambia. "Bonde moja, bwana mmoja. Mfalme yuko Kyoto, anaheshimiwa, lakini amri anatoa shoguni, mkuu wa wapiganaji. Chini yake mabwana, chini ya mabwana samurai, halafu wakulima na mpunga wao."

"Kama kwetu Taita tu, kila kilima na wenyewe." Akacheka. "Na samurai gani wewe, kazi kumpeleka madam kununua mapazia?"

"Samurai haachi lango la bwana wake, we jamaa. Hata moto uje."

"Basi lango langu mimi. Wewe shika usukani."

Wiki iliyofuata makombora yakaanza. Yalidunguliwa juu ya mji, na vipande vikaanguka popote. Siku ya tatu bosi akapakia familia, akaendesha mwenyewe hadi Jeddah kwa kakake. "Chungeni nyumba," akasema. "Mafi mushkila." Hakuna shida. Pasipoti zetu zilibaki kwenye kabati lake la chuma.

Kesho yake asubuhi Mwadime akaja na begi. Alikuwa amepata nafasi kwenye basi la saa saba mchana, kutoka kituo cha Batha hapa mjini. Dadake Wakesho anakaa Bani Malik, huko huko Jeddah.

"Twende, ndugu yangu. Ikama, vibali vyetu vya kuishi, tunazo mfukoni, njiani tutapita."

Nikawaka. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua. Nikamwita mwoga. Nikamwambia bosi huyu ndiye aliyemruhusu kwenda kumzika mamake, na leo yeye anamwachia nyumba wazi? Nikamkumbusha samurai. Nilisema kama mtu anayejua.

Hakubishana. "Haya, shoguni," akasema, akarudisha begi chumbani.

Basi likaondoka bila yeye.

Saa tisa, king'ora.

Mimi nilikuwa jikoni. Nikaingia chini ya ngazi.

Yeye alikimbia kufunga geti.

Mlio mmoja. Vioo vyote chini.

Nilipotoka, kibanda cha mlinzi kilikuwa kimelala. Mwadime alikuwa chini yake. Nikaondoa mabati kwa mikono. Alikuwa anapumua. Ambulensi ilipofika, hakuwa anapumua tena.

Bosi alirudi mambo yalipotulia. Akanishika bega, akaniita mwaminifu.

Nikaomba siku mbili, nikampelekea Wakesho begi. Anaishi ghorofa ya nne, chumba kimoja na wenzake. Godoro alilomtayarishia kakake lilikuwa bado limeegemea ukutani. Akanishukuru kwa kukaa naye hadi mwisho. Shukrani hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote: basi, begi, mwoga, samurai.

Akalivuta begi karibu naye.

"Huyo samurai wako," akasema, "bwana wake akikimbia, yeye hufanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hata siku ile namsomea Mwadime. Bwana naye alikuwa na wajibu wake: kumlinda mtu wake. Akishindwa, wengi walimhama, wakatafuta bwana mwingine. Hapo niliparuka kwa sababu hapakunifurahisha. Nilitaka watu wanaokaa.

"Huondoka," nikasema.

"Na wewe umeondoka?"

Nikasimama. Akanifungulia mlango, akasema nisafiri salama, na nadhani alimaanisha.

Usiku huo nilipanda basi, kesho yake alfajiri nikawa Riyadh. Bosi alikuwa na miadi saa nne asubuhi. Nilifika mapema, nikawasha gari, nikamfungulia mlango wa nyuma. Huu ni mwaka wa nne tangu siku hiyo, na bado namfungulia.