Picha aliyojichagulia mama

Jamani, leo mama kanimaliza.

Tulikuwa sebuleni kwake, hapa Kamunyonge, tunapanga picha za zamani. Rundo moja la waliopo, jingine la waliotangulia. Hili la pili ndilo linakua haraka, nyie mnajua.

Tukafika kwenye picha ya harusi ya baba mdogo. Katikati ina tundu. Hapo ndipo alikuwaga baba.

Alipofariki hatukuwa na picha yake nyingine. Nikachukua mkasi nikamkata, studio wakaikuza ya kuweka juu ya jeneza. Bega la mtu lilibaki pembeni. Msiba mzima waliliona.

"Mama, nisamehe."

Mama akachambua taratibu, akatoa picha yake mwenyewe. Gauni la bluu, anacheka, yuko peke yake.

Akaiweka kwa waliotangulia.

"Mama, hapo umekosea."

"Sijakosea, mwanangu. Mimi msije mkanikata na mkasi."

Alipoenda jikoni nikaichomoa, nikairudisha kwa waliopo.

Karudi na chai. Akaichukua ile picha, akairudisha kulekule, juu kabisa.

Bado iko pale mezani. Nyie mngeiacha?