Timu Iliyofungwa Bila Kuingia Majini

Jumatatu asubuhi karani wa ofisi ya michezo alipita ukingoni mwa bwawa la chuo, simu sikioni, akamkuta Mama Dawa amepiga magoti anatoa majani kwenye chujio. Hakusimama. Alimwambia kwa kumpitia tu, "Mama, nasikia timu yenu imefungwa. Poleni sana," akaendelea na simu yake na safari yake.

Mama Dawa akaitikia kwamba ameshapoa, maana mtu mwenye adabu zake huitikia pole yoyote ile, akarudi kwenye chujio. Alikuwa ametoa konzi mbili tatu za majani ndipo neno lilipomkaa vibaya. Imefungwa na nani? Timu yake haikuwa imeshindana na mtu tangu mwaka uliopita. Mashindano ya vyuo yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Sasa timu inafungwaje mechi ambayo haijachezwa?

Jina lake, tuseme mapema, si la uganga, ingawa watu wawili wenye maumivu ya mgongo walishawahi kumfuata na akawafukuza. Watu wa mabwawa huiita klorini dawa, naye ndiye aliyeitia kwa miaka kumi na tisa. Aliajiriwa kufagia. Mtu wa pampu alipostaafu, akaambiwa ashike na pampu kidogo, huku mtu mwingine akitafutwa. Kocha alipopata kazi kwingine, akaambiwa ashike na filimbi kidogo. Huo "kidogo" sasa ulikuwa na umri wa miaka minane, na kwenye karatasi za chuo bado ni mfagiaji. Kuogelea alijifundisha mwenyewe, bwawa likiwa halina mtu, leo hatua tatu kutoka ukingoni, kesho nne, hadi siku alipovuka upana mzima akacheka peke yake kama mwehu. Alilipenda bwawa lile. Asingelisema hivyo mbele ya watu, lakini alilipenda.

Zamani timu ilikuwa na watu ishirini na wawili na pampu mbili. Pampu moja ikafa, maji yakawa ya kijani muhula mzima, watu wakapukutika. Wakabaki wasichana wanne, idadi kamili ya mbio za kupokezana, wala asingepatikana wa akiba hata kwa mtutu. Miwani ya majini ilikuwa mitatu. Mwaka juzi Mama Dawa aliandika barua kuomba kamba za kugawa njia majini, akaeleza kwa heshima zote kwamba ni kwa ajili ya mbio za kupokezana. Ofisi ya ununuzi ikamletea vijiti kumi na viwili vya mbao, vile wanavyopokezana wakimbiaji, vimepakwa rangi vizuri. Alivitazama sana. Alijiuliza huko ofisini walidhani muogeleaji atakishika wapi, kwenye meno? Mwishowe akavitumia kukorogea dawa.

Jioni ile alimweleza mumewe, fundi viatu na mshabiki wa kandanda wa kutupwa. Mumewe hakuinua hata macho kutoka kwenye soli.

"Mmefungwa ngapi?"

Mkewe akasema hajui. Akaulizwa na nani, akasema hajui pia. Hapo mumewe akaweka nyundo chini. Akamweleza kwamba kocha asiyejua timu yake imefungwa ngapi ni kocha ambaye hakuwepo, na kama hakuwepo basi kuna wachezaji waliokwenda kucheza kichochoroni bila yeye, kwa jina la timu. Mambo hayo yapo, alisema. Kwenye kandanda kweli yapo. Mama Dawa akalala nayo hayo maneno, akaamka nayo.

Na kweli, ukitafuta mchawi utampata. Kati ya wasichana wale wanne alikuwepo aliyeitwa Kijiko, kwa vile viganja vyake vilichota maji kama kijiko cha pilau, na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Jumamosi iliyopita Kijiko hakuja mazoezini, wala hakuaga. Jumanne alfajiri, wenzake watatu wakiwa tayari wamekaa ukingoni wanatetemeka, Mama Dawa akamsimamisha na kumuuliza alikuwa wapi. Kijiko akatazama chini, akasema alikuwa na shughuli.

"Shughuli naijua," akasema Mama Dawa. "Mmekwenda mkafungwa huko, mkanificha. Nimepewa pole na watu wa ofisi, mimi sijui hata napewa pole ya nini."

Kijiko akainua uso, na uso ule haukuwa wa mtu aliyekamatwa na mchezo wa kichochoro. 

"Nani amekwambia, mama?" akasema. "Sijamwambia mtu. Kaka amefungwa miezi miwili tu. Jumamosi ndiyo siku ya kuwaona, nilikwenda kumpelekea sabuni."

 Kijiko akaokota taulo lake, akatoka na nguo zake za kuogelea hivyo hivyo, na geti likabaki linagonga. Mama Dawa alibaki na filimbi mdomoni bila kujua kwa nini ameiweka mdomoni.  Kaka wa mtu amefungwa jela, timu imefungwa, na yeye kwa ulimi wake ametoa siri ya binti wa watu mbele ya wenzake. Na sasa alikuwa na waogeleaji watatu, siku nne kabla ya mbio za watu wanne.

Jumatano barua ikaja. Ilikuwa fupi: timu ya kuogelea imefungwa kuanzia tarehe moja mwezi huu, na bwawa lifungwe ifikapo Alhamisi jioni. Mama Dawa aliisoma mara tatu, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa chuo bila kubadilisha ndala. Alikuwa na swali moja tu, na wanaodhani alikuwa anaweka mzaha hawamjui. Alikuwa amechanganyikiwa kwelikweli.

"Shikamoo mkuu. Naomba kujua, timu yangu imefungwa na nani?"

"Marahaba. Na mimi," akasema mkuu.

"Ngapi?"

Mkuu akamtazama muda mrefu, akitafuta kicheko usoni pake, asikione. Akavua miwani. Akamweleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu: kufungwa huku si kule kwa mabao. Timu imefutwa, haipo tena. Maji yatolewe, bwawa litafukiwa liwe ukumbi wa mitihani. Yeye hatamwaga unga, asiwe na hofu, atarudi kufagia mabwenini. Mama Dawa akauliza kuhusu Jumamosi. Mkuu akasema timu isiyokuwepo haiwezi kwenda Jumamosi wala siku nyingine.

Alitoka akiwa ameelewa kila neno, na bado haikumwingia. Miguu ilimpeleka mabwenini, mlangoni kwa Kijiko. Aliomba radhi akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Alisema hakuambiwa na mtu, wala hakujua habari za kaka yake. Alisikia neno moja akalielewa vingine, na aibu ile ni yake, si ya binti. Kisha akamwonyesha barua. Kijiko akaisoma, akauliza kama kwenye orodha ya mashindano jina lao lilishapelekwa. Lilishapelekwa, mwezi mzima uliopita. Kijiko akakunja barua, akamrudishia, hakusema atakuja wala hatakuja.

Alhamisi jioni Mama Dawa alishuka chumba cha pampu. Bwawa likitaka kufungwa, maji lazima yatoke, na ili maji yatoke, vali ya chini hufunguliwa. Kwa hiyo kufunga ni kufungua. Alisimama mbele ya vali ile aliyoizungusha miaka kumi na tisa, akashindwa kukumbuka inaelekea wapi. Barua mkononi ilisema lifungwe. Basi akafunga. Alikaza vali kwa nguvu zake zote, akakaza na ile ya pembeni, akapanda juu. Kama alifanya kusudi au alichanganyikiwa, mwenyewe hakupata kujua, na mimi siwezi kumsemea. Karani alipokuja Ijumaa kuuliza mbona maji bado yapo, akajibiwa kwamba barua ilisema afunge, na amefunga. Karani akaisoma barua, akajikuna kisogo, akaondoka.

Ijumaa hiyo hiyo walifanya mazoezi. Walikuwa wanne.

Jumamosi shemeji yake, dereva wa gari la mikate, aliwapakia nyuma baada ya kushusha mzigo, wakafika wakinukia mikate. Jina la chuo lilikuwepo ubaoni, timu ya nne kati ya nne. Tusipambe: walishika mkia tangu filimbi ya kwanza. Kijiko alipojitosa kwa zamu ya mwisho, timu tatu zilikuwa zimeshamaliza na kujifuta, na mshika saa akaanza kukusanya karatasi zake. Mama Dawa akamfuata, akamshika mkono.

"Usizime saa, baba. Mtu wangu yuko majini."

Mshika saa akasubiri. Kijiko akagusa ukuta. Ilikuwa sekunde nne pungufu ya muda wao bora wa nyuma, ikaandikwa kwenye karatasi, ikapigwa muhuri.

Jumatatu mkuu alimwita, na alikuwa amekasirika. Dirishani kwake bwawa lilionekana limejaa, la buluu, safi. Mama Dawa hakujitetea. Aliweka karatasi mezani na kuielekeza upande wa mkuu ili aisome vizuri.

"Siku ile sikukuelewa, mkuu," akasema. "Sasa ndiyo tumefungwa. Wa nne kati ya wanne, na muda wetu upo hapo. Nakwenda kulifunga bwawa."

Alishuka akafungua vali, na mara hii mkono ulijua wenyewe. Bwawa lile huchukua siku mbili kuisha. Saa kumi Kijiko alikuja akakaa naye ukingoni, miguu yao majini. Alimweleza kwamba Jumamosi ijayo anakwenda kwa kaka yake, na angependa kumwambia matokeo, lakini hajui aanze wapi, kaka atauliza wamefungwa ngapi. Mama Dawa akafikiri sana, akasema hata yeye hajui. Wakakaa hivyo mpaka maji yakaiacha miguu yao.