Miaka Minne ya Pua

Mdogo wangu anaitwa Pua, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa pua yake, ingawa nayo si haba. Alilipata kwa kunusa. Tulipokuwa wadogo alikuwa akipita jikoni anamwambia mama, "Maharage yanataka kuungua," na mama bado hajahisi chochote. Mimi nilikuwa namzaba kibao kwa huo uchawi wake. Hakuacha.

Alikuwa fundi bomba katika kiwanda kikubwa cha bia, kile kilichofungwa. Miaka kumi na minane alikaza mabomba ya watu huku ametega sikio kwa wapishi wa bia. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walikwenda kutafuta kazi. Yeye akaja kwangu na sufuria la kukodi, lile la kupikia wageni mia, akaniomba stoo iliyo nyuma ya nyumba. Nilikuwa mjane, mwanangu yuko chuoni, stoo imejaa viti vilivyovunjika. Nikamwambia, "Ukinichomea nyumba nitakuzika humo humo."

Pipa la kwanza lilikuwa balaa. Alizidisha sukari kwenye chupa, na siku ya tatu, saa saba mchana, nikiwa naanika nguo, chupa zikaanza kulipuka moja baada ya nyingine. Jirani mmoja alilala chini na kikapu chake kichwani. Pipa la pili lilikuwa na ladha ya chuma, la tatu halikuchachuka, la nne tulilimwaga hata kabla ya kuonja. La tano, loo! Nilikunywa glasi mbili, nikajikuta nacheka peke yangu huku naosha vyombo.

Hivyo ndivyo kiwanda chetu kilivyoanza. Stoo ikahamia uani, ua ukameza gereji ya jirani yule aliyelala chini, na mimi nikawa mwosha chupa, kisha mkuu wa waosha chupa, cheo nilichojipa mwenyewe. Mwanangu alipomaliza chuo akashika ofisi. Akaleta matangi ya chuma, boila, lebo zenye picha, na wafanyakazi, tukafika watu ishirini na sita.

Lakini bia yenyewe ilikuwa ya Pua. Kila asubuhi saa mbili alipita tangi moja moja, akafungua koki, akachota kidogo kwenye glasi, akanusa, kisha akaandika ubaoni. Hakuandika namba, aliandika maneno. "Tangi la 2: ndizi mbivu, ikae siku mbili." "Tangi la 5: njiti ya kiberiti, msiiguse." Siku moja aliandika "daftari jipya", watu wakamuuliza ndiyo nini hiyo, akawajibu, "Nuseni." Wakanusa. Daftari jipya kabisa! Na bia ikitoka, inatoka sawa.

Basi yakampata mafua. Mafua ya kawaida tu, ya wiki mbili, yaliyoangusha nusu ya kiwanda. Wengine walipona wakasahau. Yeye alirudi kazini amekonda, akashika glasi yake, akapita matangi, akaandika, wala hakuna aliyeshtuka. Ila alianza kula peke yake. Benchi letu la chakula cha mchana liko chini ya dirisha la chumba cha boila, na miaka yote yeye alikaa katikati, akidokoa vyakula vya watu. Sasa akawa anachukua bakuli lake anakwenda kukaa juu ya kreti, mwisho wa kiwanja, kule yanakotupwa mabomba mabovu. Jumapili akaacha kuja kwangu. Mke hana, aliyekuwa naye aliondoka zamani kabla hata ya lile sufuria, na mtoto hakujaliwa. Nikasema, haya, bia imempanda kichwani, sasa anajiona. Nikanuna. Na mimi nikinuna nanuna kweli, mtu asinibembeleze.

Ukweli niliujua kwa sababu ya tangi la nne. Siku hiyo nilipita ubaoni nikasoma: "Tangi la 4: ganda la chungwa, bado kidogo." Tangi la nne lilikuwa tupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisugua kwa brashi tangu jana yake. Nikayafuta maneno yale kwa kiganja kabla hajapita mtu, nikamfuata kwenye chumba chake cha kazi. Nikamkuta na daftari alilowekea maneno ya ubaoni ya mwaka uliopita, limefunguliwa tarehe ileile. Alikuwa ananakili. Miezi mitano, mtu mzima na ndevu zake, ananakili pua yake ya mwaka jana!

"Sisikii harufu, Dada," akasema. "Hata chembe. Vitunguu, moshi, choo, vyote kwangu ni maji."

"Hospitali umekwenda?"

"Wamesema huenda ikarudi. Na huenda isirudi."

Siku zile mwanangu alikuwa hazungumzi jingine ila mashine za maabara na vijana waliosomea upishi wa bia. Namjua mtoto wangu. Moyo wake mzuri, lakini ana haraka. Angemfanyia mjomba wake sherehe ya kustaafu, akampa saa ya ukutani, akamrudisha kwenye chumba chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Kiwanda kile ndicho kilikuwa mke na watoto wa mdogo wangu. Nikaona akiondolewa pale atanifia mikononi.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. "Mimi nitakuwa pua yako."

Nikajiona shujaa, jamani, mimi!

Tangu hapo nikawa nafika kazini kabla ya watu. Nanusa, yeye anauliza.

"Inanuka kama nini?"

"Kama bia."

"Bia kama nini, Dada?"

"Bia kama bia! Unataka niimbe?"

Tuligombana kila siku, lakini nikajifunza. Nikaijua siagi, nikakijua kiberiti, nikalijua tunda linaloanza kuharibika. Mwaka wa pili nikawa sikosei. Nikimaliza narudi kwenye chupa zangu, yeye saa mbili anapita na glasi, ananusa hewa tupu mbele ya wafanyakazi, anaandika maneno yangu. Mchana anakwenda kwenye kreti lake. Nilimwacha. Nilisema moyoni, chakula hakina ladha mdomoni mwake, hataki watu wamwone anavyotafuna. Ikapita miaka minne.

Kiwanda kilipotimiza miaka kumi na miwili, mwanangu akawaalika wenye maduka ya vinywaji na wenye baa, watu kama sitini, mchana kweupe, katika jengo jipya lililokuwa bado linanuka rangi. Wafanyakazi tulisimama kando ya ukuta na aproni safi. Akahutubia, akasimulia habari za sufuria na za chupa kulipuka, watu wakacheka. Halafu, bila kuniambia mimi wala kumwambia mjomba wake, akapanga glasi tatu mezani. Moja ya kwetu, mbili za viwanda vingine.

"Sasa mtaona kwa nini tunamwita Pua," akasema. "Mjomba, ipi ni yetu?"

Glasi ziko hatua kumi kutoka niliposimama, hata ningekuwa mbwa nisingezinusa. Pua akainua ya kwanza, akaipeleka puani, akaishusha. Akainua ya pili. Angeweza kubahatisha. Nilimwomba kwa macho abahatishe.

"Sisikii," akasema.

Mwanangu akadhani ni kelele za watu. Akamwinamia, akapaza sauti: "Nimeuliza, ipi ni yetu, Mjomba?"

"Wewe nimekusikia," Pua akasema. "Bia ndiyo siisikii. Miaka minne sasa."

Kisha mama wa lebo, yule anayebandika lebo kwenye chupa, aliyesimama ubavuni kwangu, akasema taratibu, "Tunajua, Fundi."

"Mnajua nini?"

"Tunajua tangu panya alipofia kwenye stoo ya kimea. Kiwanda kizima tumeziba pua kwa leso, wewe ukapita pale siku tatu unapiga mluzi. Tukaona unaficha. Tukasema tukusitiri."

Mimi nilitaka kulia kwa raha. Miaka yote ile nilidhani siri tunaibeba wawili, kumbe tumebebwa! Lakini mdogo wangu uso ulimkunjamana.

"Mlijua," akasema, "na bado mkaniacha kule kwenye kreti peke yangu."

"Tulidhani unapenda," akajibu mama wa lebo.

Mwanangu, namsifu kwa hili, hakutaja kustaafu. Aliwaambia wageni kuwa bia wanayokunywa imepikwa na mtu huyuhuyu akiwa hasikii harufu, na asiyeipenda aache glasi yake mezani. Hakuna aliyeiacha. Akamwambia mjomba wake ubao utabaki kuwa wake, pua za kumsaidia zitatafutwa. Kazi yake ikapona, mbele ya watu, kwa dakika mbili.

Wageni walipoondoka nikamkuta amekaa palepale kwenye kreti. Nikamjia juu. Ndivyo nilivyo, nikiumia nagomba.

"Hata kama chakula hakina ladha, benchi lilikukosea nini? Mimi Jumapili nilikukosea nini?"

"Si chakula, Dada."

"Nini basi?"

Akaitazama mikono yake. "Nisiposikia harufu, hata yangu siisikii. Naoga asubuhi, naoga jioni, na bado sijui kama nanuka. Wengine wana mke wa kuwaambia. Nilikaa mbali ili nisimkere mtu. Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Kila asubuhi unanusa matangi yote, ukifika kwangu unaondoka."

Nilijua harufu ya kila tangi katika kiwanda kile, na ya mdogo wangu sikuijua.

Nikapiga magoti kwenye saruji, na haya magoti yangu mabovu, nikaweka uso kwenye kola ya shati lake, nikavuta pumzi.

"Sabuni," nikamwambia. "Unanuka sabuni tu, mjinga wewe, sabuni nyingi kupita kiasi."

"Kweli?"

Nikanusa tena, nikamwambia kweli. Akauliza mara ya tatu, nikanusa mara ya tatu.