Kiti Kilichobaki Wazi Saa ya Familia

Juzi nilipita Salama, mji nilikokulia, nikaona kila paa lina dishi la televisheni. Hata banda la kuku nafikiri lina lake. Nikacheka peke yangu, rafiki yangu, kisha wivu wangu wa zamani ukaamka kama haujalala hata siku moja.

Miaka ya themanini televisheni hapo kwetu ilikuwa moja, ya jirani mwenye duka, na ilikula betri ya gari. Saa kumi na mbili na nusu jioni alifunga duka, akavuta pazia, akasema, "Sasa ni saa ya familia." Sisi wengine tungoje taarifa ya habari. Mtoto gani alitaka habari? Nilibaki uani na nyanya yangu, susu tulivyomwita, tukibambua mbaazi, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ikitokota jikoni, na vicheko vya nyumba ile vikiniingia masikioni kama siafu. Nilimwonea binti yao wivu mpaka nikakonda.

Susu alikuwa na desturi yake. Hadithi ilianza na ganda la kwanza na kukatika beseni likijaa, hata kama fisi ameachwa juu ya mti. Nilikuwa nimezisikia mara elfu kumi. Zilinichosha.

Wiki moja betri ikapelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha kusaga, ikakawia. Binti akaja kwetu, akaketi, akaanza kubambua. Betri iliporudi, mama yake akamwita kutoka ng'ambo ya ua.

"Nakuja, mama. Fisi bado hajashuka."

Hakwenda. Mama akanigeukia. "Basi njoo wewe. Kiti kisikae bure."

Nilisugua miguu mpaka ngozi ikaomba msamaha, maana zulia la jirani halikukanyagwa na vumbi. Nikakaa kati ya baba na mama wa mwenyewe, pale pale nilipopaota miaka yote. Kwenye kioo mtu alikuwa anaimba. Sikumwona. Masikio yangu yalikuwa kwetu, ambako susu alikuwa ametoa sauti ya fisi ambayo hakuwahi kunitolea mimi, na binti anacheka hadi anakohoa. Nilitaka kukimbia nyumbani, lakini nilijua nikiondoka kiti hicho sitakipata tena. Nikakaa.

Niliporudi beseni lilikuwa limejaa. "Nirudie, susu."

"Nirudie na nini? Mbaazi zimeisha."

Zilikuwa za mwisho za msimu ule. Kabla ya mavuno mengine susu alitutoka.

Leo, kwa kazi niliyopata na cheti changu cha shule ya usiku, nina televisheni pana kama kitanda. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, kila mtoto wangu ana simu yake na kona yake. Hakuna anayevutiwa pazia, hakuna wa kuonewa wivu. Ndiyo maana juzi niliingia lile duka. Binti sasa ana mvi, ndiye muuzaji.

"Yule fisi alishukaje?" nikamwuliza.

Akanitazama. "Kwani wewe si ndiye mjukuu?" Kisha akanisukumia sufuria ya mbaazi mbichi. "Kaa. Bambua."

Nikabambua. Alipofika kwa fisi, sauti iliyotoka ilikuwa ya susu, yote, hata mkwaruzo wake. Aliitunza miaka hiyo yote, na hiyo, rafiki yangu, bado sijamsamehe.