Magari Sita ya Ziada kwa Wakwe wa Afande

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu anajua nusu yake tu, lakini kwa kuwa leo mmeanza wenyewe kusimulia walioanguka matopeni siku ya harusi, acha niwaambie kwamba mimi nimewahi kusimama mbele ya wakwe wa mwanajeshi, kipaza sauti mkononi, nikieleza habari za printa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma kwenda Jinja kufanya kazi kwa tajiri mmoja aliyeuza magari yaliyotumika, yale yanayoshushwa Mombasa, na kazi yangu ilikuwa kompyuta (ilikuwa moja tu, msije mkadhani nilikuwa mkubwa). Ndani yake mlikuwa na programu kuukuu ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa zamani, yenye maandishi ya kijani, iliyojua kila gari la yadini: namba ya chesisi, rangi, mnunuzi ni nani, linapelekwa wapi. Ukibonyeza herufi moja tu, printa inapiga kelele na kutoa karatasi ya geti, na bila karatasi hiyo mlinzi wetu, sajenti mstaafu, hamruhusu mtu kutoa gari hata akiwa askofu. Tajiri aliniambia siku ya kwanza, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "Bwana, gari likipotea hapa, mimi sitafuti mwizi mwingine. Mwizi ni wewe." Na miaka ile mwizi wa gari hakufikishwa hata polisi, watu walimmaliza njiani.

Sasa binamu yangu aliyekuwa chuoni Nairobi akanitumia sidii ya Linux, akaniandikia kwamba huo ndio mfumo wa watu wenye akili, hauhitaji kununuliwa, na kwamba unaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja wakati DOS ni mtu wa kazi moja. Hakuna aliyeniomba kubadilisha kitu. Kompyuta ilikuwa nzima. Lakini Ijumaa tajiri akasafiri kwenda Kampala, mikono ikaniwasha, nikauweka. Na programu yetu ya magari ikafunguka vizuri humo humo, ndani ya kitu kinachojifanya DOS, na maandishi yake ya kijani! Nilimwita Nabirye, karani wetu, aje aone. Akatazama, akaniambia, "Mbona ni ile ile?" Nikamwonea huruma.

Jumamosi asubuhi akaja afande mmoja wa kambi ya jeshi ya Kimaka, mrefu, mtu wa sauti ya chini ambaye ukisema naye unajikuta umesimama wima. Siku hiyo alikuwa anajitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake Mbale, na alikuwa amemnunulia baba mkwe pikapu ya bluu. Akaagiza ifike kabla ya saa saba, niilete mimi mwenyewe na vitabu vyake vya umiliki, kisha akatangulia.

Nikabonyeza ile herufi. Programu ikasema tayari. Printa kimya. Zamani, printa ikiwa na kasoro, programu ilisimama papo hapo na kulalamika, lakini sasa inasema tayari na karatasi haitoki. Nikadhani pengine rekodi ya pikapu ndiyo imeharibika, nikafungua ya gari jingine, nikabonyeza. Kimya. Jingine. Kimya. Nikajaribu magari sita (sita, jamani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu), nikakata tamaa, nikaandika karatasi ya pikapu kwa mkono, nikaipiga muhuri, Sajenti akanung'unika lakini akafungua geti. Mimi na dereva tukapita Bugembe mbio, tukashika njia ya Mbale.

Pikapu ilipokelewa kwa vigelegele. Nikakabidhi vitabu, nikapewa kiti chini ya hema na sahani ya matoke na nyama, na nikaanza kujiona mtu wa maana. Nilikuwa sijamaliza nyama pale gari jeupe lilipoingia uwanjani likipiga honi. Nikasema moyoni, gari zuri, kama lile letu. Likafuata la kijani, lenye mkwaruzo mlangoni, mkwaruzo ninaoujua. Likaja la tatu. Yalipofika sita sahani yangu ilikuwa chini, na watu wote wamesimama, wanawake wanapiga vigelegele, na mshereheshaji anapaza sauti kwamba mkwe wetu ameleta magari saba!

Nikamkimbilia dereva wa lile jeupe, wa yadi yetu, Mkenya mwenzangu. Akanionyesha karatasi ya geti, imechapwa vizuri, ina jina la afande na boma la wakwe Mbale.

"Nani alikupa hii?"

"Nabirye. Alisukuma waya wa printa, ulikuwa umelegea. Karatasi zikaanza kutoka zenyewe, saba."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa hakukunisaidia kitu. Ule mfumo wa wenye akili haukuzikataa amri zangu, ulizipanga foleni, ukangoja printa iamke. Na ile programu kuukuu ilikuwa na tabia ya kubaki na jina la mteja wa mwisho na anakopelekewa gari mpaka uvifute, kwa hiyo magari yote sita yalitoka kwa jina la afande.

"Na hamkuuliza?"

"Tuulize nani? Jina la afande liko hapo. Wewe ungeuliza?"

Na mnisikilize hapa, maana mimi mtu wa Bungoma Kimasaba, lugha ya watu wa Mbale, nakisikia: nyuma yangu mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwa sauti ndogo, "Piga vigelegele, afande asije akaona hatukufurahi." Nikatazama wazee wa upande wa binti. Walikuwa wanapiga makofi bila kucheka.

Afande akanishika bega. Nilikuwa nangoja kofi, au kingine kibaya zaidi. Akaniinamia sikioni.

"Wewe mtu ya kompyuta. Hii magari ingine ni ya nani?"

"Ya tajiri, afande. Ni makosa yangu, afande."

Alikuwa anatokwa jasho kuliko mimi. Akasema, "Mimi iko na gari moja tu. Nikisema mimi, nitaonekana naficha kitu. Sema wewe. Tafadhali." Sikuwahi kusikia neno hilo kwa afande, na lilinitisha kuliko bastola, kwa sababu sasa ndoa ya mtu ilikuwa mdomoni mwangu, pamoja na magari sita ya tajiri na shingo yangu mwenyewe.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza kwa Kiswahili, nikaeleza mfumo mpya, nikaeleza foleni ya printa, nikasema samahani kama mara kumi na mbili. Mshereheshaji akanitazama kwa uchungu, kisha akawatafsiria watu kwa Kimasaba, "Anasema mashine ilivimbiwa asubuhi, ikatapika mchana. Hii ni matapishi." Watoto wakaanza kucheka. Nilitamani nijifunike lile hema.

Baba wa binti akanyanyuka taratibu, mzee wa shati jeupe lililofungwa hadi shingoni.

"Kwa hivyo mkwe ameleta gari moja?"

"Moja, baba. Ile ya bluu."

Mzee akakaa chini. Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, akasema, na kipaza sauti kikachukua maneno yake, "Asante Mungu. Mimi nilikuwa nasema, askari wa gari saba, hii gari imetoka kwa watu gani? Na kesho wakikuja kutafuta, watakuta mtoto wangu." Akamgeukia afande. "Moja tunajua uliteseka kununua. Keti, mtoto wangu. Kula."

Afande akaketi, akala. Mimi sikuweza. Tulirudisha magari sita siku ile ile, na tajiri aliporudi kutoka Kampala alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, kama DOS ilikuwa imeharibika. Nikasema hapana. Jumatatu nilirudisha DOS, na kwa miezi mitatu baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kuosha magari.

Tangu hapo sijagusa kitu kinachofanya kazi, kiwe kikuukuu namna gani. Na mpaka leo nikisikia buti nyuma yangu, naomba radhi kwanza, ndipo nageuka kuona ni nani.